Meneja Ametapika Tena

2 Machi

Dada yangu mpendwa,

Kama kuna mtu mwenye bahati katika mtaa huu mzima, ndiye huyu anayekuandikia. Sijisifu, nakupa habari tu. Kuna watu wamezaliwa na sauti ya kuimba, wengine na miguu ya mpira, mimi nimezaliwa sina kinyaa. Kilisahaulika kuwekwa. Kule melini tulipoambiwa tushuke kwenye lile tangi la maji machafu, chini kabisa, ambako panya walikuwa wamevimba wakielea kama maandazi, wanaume wenye vifua kama makabati walitapika kabla ya kufika ngazi ya tatu. Mimi nilishuka na kipande cha mkate mkononi, nikafanya kazi, nikala, nikapanda. Nahodha mwenyewe akasema, "Huyu ndiye nahodha!" Jina likanikaa hapo. Wanaosema kule gereji ninakopaka magari rangi kwamba nilijipa mwenyewe ni watu wa wivu, hawajaona hata bandari moja.

Kwa hiyo usikae huko kambini ukawaunguzia wajenzi wa barabara maharage yao kwa kumfikiria paka. Meneja, paka wa mama, yuko mikononi mwa mtu.

Nimehamia chumba cha mama tangu juzi. Karatasi yako ya maagizo nimeikuta mlangoni mwa kabati. Mistari ishirini na saba! Dada, mimi niliishia darasa la sita na nusu, hiyo nusu yenyewe mwalimu alikuwa mgonjwa. Hata hivyo nimeisoma yote kwa sauti, na Meneja alikuwa anasikiliza kama bosi anayesomewa mkataba.

Nakuandikia kwa kalamu kama ulivyotaka. Najua huko hakuna mtandao, na ulishaniambia kwamba hata ungekuwepo, kwenye simu nakuchekesha mpaka unasahau ulichokuwa unauliza. Dereva wa lori la saruji ameahidi kuzibeba barua kwenda na kurudi.

Ripoti basi. Meneja ametapika mara tatu. Ya kwanza povu jeupe. Ya pili povu la njano. Ya tatu niliikuta kwa unyayo, asubuhi, sina kiatu. Ilikuwa bado ina uvuguvugu. Ilipita katikati ya vidole vyote vitano, ikachungulia juu. Mkojo wake ni mwingi kuliko mnyama mwenyewe, sijui anautunza wapi. Na ule mdomo! Akipiga miayo, chumba kinanuka kama choo cha stendi ambamo mtu amechemsha samaki. Nakueleza tu ujue ninaangalia kwa makini. Mimi mwenyewe hainisumbui.

Ningekuwa nchi kavu wakati ule mama anaumwa, ningemwosha na kumgeuza mimi, wewe ungekaa kwenye kigoda unakunywa chai. Lakini kazi ya bahari unaijua, haina ruhusa.

Mdogo wako,
Nahodha

9 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Nimecheka, kisha nikasoma tena nikaona hujaniambia kitu.

Nijibu haya, moja moja, bila panya wala nahodha. Meneja anakunywa maji bakuli ngapi kwa siku? Anakula? Kidonge cheupe anameza au anakificha shavuni na kukitema nyuma ya kitanda? Choo kikubwa anapata? Kigumu au laini? Usinionee aibu, mimi ndiye niliyekuwa namfuta. Na sindano ya maji je? Kila siku mililita mia moja, chini ya ngozi, saa ileile. Umeiweza? Siku ile daktari wa wanyama alipokuwa anatuonyesha, wewe ulitoka nje kupokea simu. Simu yako ilikuwa mezani.

Sikusemi. Nauliza.

Unajua kwa nini nauliza. Figo za Meneja zimekwisha, hazitarudi, daktari alisema wazi. Akipata maji yake kila siku na dawa zake anaweza kuuona mwaka mwingine. Akikosa wiki moja, tumpe mkono wa kwaheri. Mama hakuacha nyumba wala shamba, aliacha huyo. Maneno yake ya mwisho yenye maana yalikuwa "paka asilale na njaa." Mkataba wangu unaisha mwanzoni mwa Juni. Nataka nikifungua ule mlango nimkute amekaa kwenye kiti cha mama na ile sura yake ya kutuona sote vibarua. Sitaki kitu kingine. Usiniletee kitenge, usinipakie ukuta rangi, usinipokee stendi. Nikute paka.

Kuhusu mama, usirudie kujilaumu. Ulikuwa baharini. Ungefanya nini, uogelee? Nilikuwepo mimi, ilitosha.

Hapa jiko ni hema, moshi unanitoa machozi, na wanaume mia na ishirini wanaamini chumvi ni suala la kupigiwa kura. Niko salama.

Dada yako

17 Machi

Kwa Mheshimiwa Mkaguzi wa Choo cha Paka,

Majibu haya hapa. Maji: bakuli tatu, na la nne analimwaga kwa makusudi. Chakula: anakula samaki akipondewa, akiona donge ananitazama kama nimemtukana. Kidonge: ulichosema ni kweli, nimekuta vitano nyuma ya kitanda, vimeota manyoya, nilidhani ni wadudu. Sasa nakisaga ndani ya samaki. Choo kikubwa: mara moja kwa siku tatu, vijiwe vyeusi, na baada ya hapo kijimaji fulani kinachomfuata nyuma kikimpaka mkia, na mkia huo ndio anaokuja kuupitisha chini ya kidevu changu asubuhi kunisalimia. Nikifumbua macho kitu cha kwanza ninachokiona duniani ni tundu la paka. Hata baharini sikuwahi kuamshwa hivyo.

Sasa sindano. Dada, ungeona! Begi la maji linapashwa moto kwenye beseni, linatundikwa kwenye msumari wa kalenda. Ngozi ya mgongoni inainuliwa kama kihema, sindano inaingia chini yake, na Meneja wala hajui, kwa sababu mkono ni mwepesi kama wa mtu aliyeshona maisha yake yote. Dakika nane, kwisha. Baadaye anatembea na nundu, nundu inateleza mpaka inamfika mguuni, anakuwa kama mtu aliyevaa kaptula iliyojaa mchanga. Nimempigia saluti.

Harufu nayo nimeishinda. Nimegundua dawa yangu mwenyewe ya kusugulia sakafu, siri ya ufundi. Mkojo wa Meneja ulikuwa umeingia mpaka kwenye nyufa, ukiinama unatokwa na machozi. Msimamizi wetu wa gereji alinisimamisha getini mbele ya watu.

"Nahodha, umelala wapi?"

"Kwa mama."

"Mama yako si alifariki?"

"Nalala na paka wake."

"Basi kalale naye vizuri. Hapa usikaribie gari la mteja, viti vyake vya kitambaa."

Watu wakacheka mpaka mmoja akaangusha spana. Nikawaambia, ninyi mnaopaka rangi mkiwa mmejifunga vitambaa puani kama bibi harusi, hamuwezi kukaa dakika tano na kiumbe yule. Inahitaji mtu aliyejaliwa.

Kwa hiyo lala usingizi. Sindano naingiza, sakafu inang'aa, mgonjwa ananikubali.

Mdogo wako mwenye kipaji,
Nahodha

18 Machi

Mwanangu mpishi,

Ni mimi jirani yako wa chumba cha pili, Mama Vifungo, wa cherehani. Dereva wa lori ananisubiri nje anapiga honi, hivyo usitazame mwandiko. Binti yangu amejifungua mapacha na mumewe ameanza kulia kuliko hao watoto, kwa hiyo wiki ijayo naenda kwao, nikae wiki tatu.

Nakuandikia kwa ajili ya paka. Najua mdogo wako ameshakueleza kwamba sindano namchoma mimi kila asubuhi kabla sijafungua kazi. Siyo shida, mwanangu, kitambaa na ngozi ya paka havijapishana sana, na mama yenu alinifaa mengi. Mdogo wako kazi yake ni kushika begi. Analishika ameutazama ukuta, amevaa lile lidude lake la usoni la kupulizia rangi, lenye vikopo viwili mashavuni. Nikamwambia, baba, vua hilo, mnyama anakuogopa, anadhani ni dudu limeingia. Akasema ni kwa ajili ya vumbi. Vumbi gani, saa kumi na mbili asubuhi?

Nimemfundisha kuchoma. Kwenye mto wa kiti alichoma vizuri sana. Kwenye paka bado.

Jambo jingine. Chumba chenu hakinuki paka tena, kinanuka gereji. Nikiingia macho yananiwasha, na juzi Meneja alikuwa anadondosha mate. Mwulize anasugulia nini. Mimi nikimuuliza ananiambia ni siri.

Mama Vifungo

25 Machi

Nahodha,

Nimepokea barua mbili kutoka lori moja. Katika moja, mkono mwepesi unaingiza sindano. Katika nyingine nimeuona mkono wenyewe, una pete ya kushonea.

Kunidanganya umenidanganya tangu utotoni, nimezoea, nilikuwa nakusainia hata ripoti za shule. Hilo tutagombana nikirudi. Sasa nijibu kimoja tu, na usiweke utani hata wa chembe.

Unasugua sakafu na nini?

Mama Vifungo hayupo. Nani anamchoma Meneja?

Dada

3 Aprili

Dada,

Barua yako imefika imechelewa siku nne.

Nilikuwa nasugulia tina. Ile tunayopunguzia rangi ya magari. Inaondoa lami, inaondoa gundi, nikasema mkojo wa paka ni nani? Na iliondoa, dada, kwa haki ya Mungu iliondoa, sakafu ikawa kama kioo. Nikapitisha asubuhi na jioni. Wakati mwingine hata kwenye miguu ya kile kiti chake.

Mama Vifungo alipoondoka, siku ya kwanza nilishika sindano, nikainua ngozi kama nilivyofundishwa, nikaisikia ilivyo. Ina joto, inateleza juu ya mifupa kama soksi iliyolegea. Nikaiachia. Nikasema kesho. Kesho nikasema kesho. Siku nne, dada. Naandika nne, usidhani ni mbili nimeongeza.

Siku ya tano Meneja hakutoka chini ya kitanda. Nilimvuta. Mdomo ulikuwa umevimba, ulimi una vidonda vyeupe pembeni kama umeunguzwa na chai, mate mazito yananing'inia mpaka kifuani yamechanganyika na usaha, na kwenye mate kumekwama manyoya na mabaki ya samaki wa sijui lini. Vile alivyonuka sitakuandikia, karatasi itakataa. Nikamviringisha kwenye koti langu la kazi, nikakimbia naye.

Unamjua yule daktari, mama mfupi asiyecheka. Alimfunua mdomo, akanitazama mimi.

"Umesafishia nini nyumba?"

"Tina, daktari."

"Tina gani?"

"Nzuri, daktari. Siyo ile ya kupima."

Akaweka tochi mezani. "Paka anajiosha kwa ulimi. Chochote anachokikanyaga anakinywa. Umekuwa unamnywesha rangi ya magari mnyama asiye na figo."

"Siyo rangi, ni ya kupunguzia..."

"Na hilo ulilovaa usoni?"

Sikujua kama bado nimelivaa, dada. Nilikuwa nimekatiza barabara nzima nalo, ndiyo maana watu walikuwa wananipisha.

"Vua," akasema. "Mshike kichwa. Kwa mikono, siyo kwa ncha za vidole, siyo bomu hilo."

Nikavua. Harufu ikanipiga hapa katikati ya macho. Akanipa sindano nichome mbele yake. Ya kwanza ikaingia upande huu ikatokea upande wa pili, maji yote nikanywesha viatu vyangu. Ya pili ikaingia. Nikaona nundu inaota pale mgongoni, ni mimi niliyeiotesha. Kisha Meneja akajikunja akanitapikia ndani ya mkono wa shati, likashuka lote mpaka kwenye kiwiko. Nikaomba choo. Nikatapika mpaka nyongo. Ni kwa sababu ya samaki wa jana yake, nadhani hakuwa mzima.

Daktari amesema hivi: nimsafishe mdomo kwa maji ya chumvi mara nne kwa siku, nimlishe uji wa samaki kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na maji yake nisikose hata siku moja. Asipoanza kula mwenyewe ndani ya wiki, nimrudishe, na safari hiyo hatarudi naye mtu. Alisema taratibu, kama anazungumza na mtoto.

Ofisini kwake nilikuwa nakuwaza wewe. Jinsi ulivyomkalia mama miezi mitano, na vile vidonda vya mgongoni ulivyoniambia. Sisi sote wawili tumezaliwa na bahati hii ya kutoona kinyaa, lakini nafikiri wewe ulipewa kubwa zaidi.

Nisamehe.

Nahodha

11 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, mwiko mkononi, mpaka maharage ya watu mia na ishirini yakashika chini. Walikula hivyohivyo. Nadhani waliniona uso.

Nilitukana. Nilikutukana peke yangu nyuma ya hema, matusi ambayo sijui niliyatoa wapi, mengine nadhani nimeyapata hapahapa. Ulimi wa paka wa mama! Nilipomaliza nikaketi juu ya gunia la vitunguu nikasoma tena ile sehemu ya mwisho, ya bahati. Ikaniudhi kuliko tina.

Nani amekuambia mimi sioni kinyaa?

Sikia. Nyuma ya tangi la maji, pale uani, kuna sehemu udongo umekuwa mweusi. Hapo ndipo nilipokuwa natapika. Kila asubuhi, miezi mitano. Nilikuwa nafungua kile kitambaa cha mgongoni kwa mama, kinatoka na nyama, na harufu ile inaingia kinywani, siyo puani, kinywani, ninaila. Nilichukia. Nilimchukia na yeye, dakika hiyo, mama yangu mzazi. Namwekea kitambaa safi huku nimeziba pumzi, nahesabu moja mpaka ishirini, natoka mbio. Siku nyingine nilikuwa sifiki kwenye tangi. Nywele zangu zilinuka mpaka nikazikata, ninyi mkasema nimekata kwa msiba. Msiba ulikuwa bado.

Na yeye alijua. Unamkumbuka alivyokuwa, hafichwi kitu. Siku moja nikiwa nimebana mdomo kwa mkono akaniambia, "Nenda katapike, mwanangu. Ukirudi unigeuze upande wa dirisha." Hivihivi, kama anayesema nenda kachote maji. Nikaenda, nikatapika, nikarudi, nikamgeuza. Tukaishi hivyo.

Kwa hiyo acha mambo ya kuzaliwa na kipaji. Hakuna aliyepewa. Mimi nimejaa kinyaa mpaka hapa shingoni, hata leo siwezi kula nyama yenye mafuta meupe. Samaki wako wa jana alikuwa mzima kabisa. Ulitapika kwa sababu paka alikutapikia, kama mtu yeyote.

Sijakusamehe habari ya siku nne. Nitakusamehe, lakini siyo kwa barua.

Wewe usingeweza kumuuguza mama kwa sababu ulikuwa mbali. Hilo halina kosa. Huyu uko naye chumba kimoja.

Niambie kama anakula. Niandikie kweli, hata kama ameshakufa.

Dada yako

19 Aprili

Dada,

Yuko hai.

Amekula mwenyewe siku ya sita, saa tatu asubuhi, vijiko viwili, amesimama, ananitazama kwa jicho la pembeni. Nikampigia makofi, akaacha. Sasa sipigi. Nimempeleka kwa daktari jana, amempima, ameongezeka kidogo, uzito wa yai. Vidonda vya ulimi vinafunga. Daktari hakucheka, ila aliniambia "endelea," na kwa mtu yule hiyo ni sherehe. Sindano hazijakosa hata siku moja, saa kumi na mbili na nusu. Sakafu nimeikwangua na kuiosha kwa maji na sabuni ya mche mara kumi na mbili, miguu ya kile kiti nimeitupa nikaweka mingine, na lidude la usoni nimelirudisha gereji. Mama Vifungo amerudi. Alisimama mlangoni akatazama ninavyochoma. "Mshono mkubwa," akasema, "lakini unashika."

Nataka nikuandikie jinsi ilivyo, kwa sababu nikikuandikia uzuri tu hutaniamini, na utakuwa na haki.

Inatisha, dada. Sijazoea. Asubuhi namfungua mdomo kwa kidole gumba, nafuta usaha kwa pamba, pamba inatoka ya kijani na uzi mrefu unabaki umetufunga mimi na yeye. Nyuma yake nako namkanda tumbo kama ulivyoandika kwenye mstari wa kumi na tisa, mpaka vile vijiwe vitoke, na visipotoka navisaidia kwa kidole kilichopakwa mafuta. Ananikwaruza, ananijambia usoni, analia sauti ya mtoto. Jumapili alianza kujikunja juu ya godoro la mama, kitambaa kilikuwa mbali, nikaweka kiganja. Nikapokea. Kilikuwa kimejaa, kina moto, kinatikisika. Nikasimama katikati ya chumba nimekibeba kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitaka. Nikatoka, nikakimwaga, nikafika nyuma ya lile tangi. Nikatapika hapohapo pako. Nikanawa, nikarudi, nikamgeuza.

Wakati narudi ndipo nilipoelewa kwamba siku zote nilikuwa na jibu lisilo la kweli. Nilikuwa nasema wanaoweza kukaa na wagonjwa ni watu wa aina nyingine. Hawahisi. Basi asiyeweza hana kosa, hakujaliwa tu. Jibu hilo nimelilalia mwaka mzima kama mto. Wewe umelichana kwa karatasi moja, na mambo yaliyokuwa ndani yake yamemwagika, na sina pa kuyakusanyia.

Kwa hiyo soma hii umekaa.

Sikuwa baharini.

Meli ilinishusha mwezi mzima na siku tisa kabla ya mama kufariki. Nilikuwa nimepanga chumba kwenye ile nyumba ya wageni nyuma ya gereji, dakika ishirini kwa mguu kutoka kwenu. Asubuhi napaka magari rangi, mchana nakula mgahawani, jioni nakuandikia ujumbe kwamba mawimbi ni makubwa na tumekwama bandari ya tatu. Wewe unajibu, pole mdogo wangu, jitunze. Siku mbili baada ya maziko ndiyo nikaja na begi begani. Nilikuwa nimelimwagia maji ya chumvi linukie safari. Lile shuka la kujitanda uliloambiwa nimelitoa ng'ambo, lililokutoa machozi, nililinunua duka la kona.

Nilikuja mara moja. Usidhani sikuja kabisa. Ilikuwa asubuhi, nikapita nyuma, nikasimama dirishani. Harufu ilitoka kabla sijaona kitu. Ni ile uliyoandika, inayoingia kinywani. Wewe hukuwepo chumbani, sasa najua ulikuwa wapi, nilikusikia nyuma ya tangi, nikadhani ni jirani ana mimba. Mama alikuwa amelala ameelekea kwangu. Macho yake yalikuwa makubwa, uso umebaki mfupa. Kifuani kwake alilala Meneja, mnene wakati ule, mweupe.

Aliniona, dada.

Nikaweka mkono puani. Sikukusudia, mkono ulikwenda wenyewe. Akautazama mkono ule. Kisha akainua vidole viwili kutoka kwenye mgongo wa paka akavipunga, hivi, kama anayemfukuza inzi asimwamshe mtoto. Nenda. Nikaenda. Niliondoka haraka, nikanunua soda, nikanywa barabarani.

Hakukuambia. Angekuambia ungeniandikia. Alikaa na jambo hilo wiki mbili zilizobaki, na wewe unamgeuza kwenye dirisha lilelile kila siku.

Sijui utafanya nini na barua hii. Ukitaka nisiwepo Juni utakapofika, nitamwachia Mama Vifungo ufunguo, na Meneja utamkuta kwenye kiti. Hilo naahidi, na ahadi hii unaweza kumuuliza daktari kila wiki, nimempa jina la kambi yako. Mpaka hapo nipo, sitoki, namchoma, namfuta, namtapikia na yeye ananitapikia.

Ile bahati niliyokuandikia mwezi wa tatu ni uongo. Kinyaa ninacho. Mama yetu alinitia kinyaa, nikamwacha.

Mdogo wako